JANI LINA DAWA, LAKINI HALINA KIPIMO



Mukiona neno chawa katika habari hii, musigeuze ukurasa. Najua wengine watacheka, najua wavulana watapiga kelele katika refekta wakisoma kwa sauti. Wacheke. Tangu tulipotoka mapumziko ya Noeli neno hili linatembea katika internati, na kisha Pasaka limerudi tena na nguvu. Mtu akijikuna kichwa wakati wa ibada ya asubuhi, benchi nzima inasogea. Kuna watoto wawili ambao hakuna mtu anayetaka kulala karibu nao. Basi, jambo lenye kufikia pale si la kucheka, ni la kuzungumzia.

Nina sababu ya pili ya kuandika. Jumamosi ya wiki ijayo baraza la wakapita litakaa, na mbele yetu kutakuwa maombi mawili. La kwanza ni kunyoa vichwa vya wasichana wote wa mwaka wa saba na wa nane. La pili ni kuacha kila bweni lipike dawa yake ya majani, sababu shampoo ya duka la dawa ni bei kali na majani ni ya bure. Mimi kapita wa bweni la wasichana nitasema hapana kwa yote mawili. Lakini hapana isiyo na sababu ni kiburi tu. Sababu zangu ni hizi, na ya kwanza inaniumiza mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Ilikuwa mwezi wa pili. Usiku mmoja, taa zimekwisha kuzimwa, mtoto mmoja wa mwaka wa saba alikuja karibu na kitanda changu. (Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, amekubali, jina lake tu lisitajwe.) Akasema pole pole: "Yaya kapita, kichwa inaniwasha, siwezi kulala." Nikawasha tochi, nikatazama nyuma ya masikio na kisogoni, pale chawa wanapopenda. Nikaona mayai yao, madogo kuliko mbegu ya ufuta, yameshikamana na nywele kama vile yamepakwa gundi. Mtoto akaanza kulia: "Usiseme kwa watu, watanikimbia." Nikamwahidi kwamba sitasema.

Ahadi ile ilikuwa nzuri. Kazi niliyofanya nyuma yake haikuwa nzuri.

Nilikumbuka nyumbani kwa koko, kule milimani. Nilikuwa na miaka saba hivi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa mistari miwili ya tumbako. Nilimwona akichemsha majani yale katika chungu cha zamani, na nikasikia watu wazima wakisema: ni dawa ya chawa. Neno lile lilikaa ndani yangu miaka kumi na moja. Basi Jumamosi nikatuma mtu sokoni, akaleta majani makavu ya tumbako, fungu zima. Nikayachemsha nyuma ya jiko mpaka maji yakawa meusi. Nikangoja yapoe, nikamwita mtoto, nikamwaga yote juu ya kichwa chake, halafu nikakifunga na kitambaa ili dawa ifanye kazi vizuri. Nilijiona muganga kamili.

Haikupita nusu saa. Mtoto akasema dunia inazunguka. Uso wake ukabadilika rangi, jasho baridi likatoka, akatapika mara mbili. Nikambeba mgongoni, nikavuka uwanja mbele ya shule nzima mpaka dispensere.

Mama muganga alikuwa na haraka kuliko maneno. Akatoa kile kitambaa, akavua nguo zilizolowana, akaosha kichwa kwa sabuni na maji mengi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Akamlaza kwa upande. Ndipo akanigeukia: "Mulimupaka nini?"

Nikasema: "Mayi ya majani tu, Mama."

"Majani gani?"

"Tumbako."

Akanitazama. "Majani tu! Na sumu inatokaka wapi, mwanangu, kama haitoke mu majani?"

Mtoto alikaa pale mpaka jioni, na kesho yake alikuwa mzima, Mungu asifiwe. Lakini hesabu ya kazi yangu ni hii: chawa wengine walikufa, wengine walibaki wakitembea, na mayai yote yalikuwa mahali pao. Siri ya mtoto iliwekwa wazi mbele ya watu wote, na niliyeiweka wazi ni mimi, mimi niliyeahidi.

SUFURIA MOJA, MAMBO MAWILI

Sisi wa seksioni ya biolojia na kemia tumejifunza neno nikotini tangu mwaka jana. Tumeandika fomula yake katika kaye, tumepata pointi zetu. Lakini kaye yangu ilikuwa ndani ya valize, na chungu kilikuwa juu ya moto. Elimu ya namna hiyo haisaidii mtu.

Nikotini ni sumu ya kweli ya wadudu. Watu waliitumia zamani katika mashamba. Inayeyuka vizuri katika maji, na inapita katika ngozi ya mtu. Watu wenye kuvuna tumbako mbichi wakati majani yamelowana na umande au mvua wanajua ugonjwa wake: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma. Wao wameshika jani kwa mikono tu. Mimi nilichemsha fungu zima, nikalipakaza kwenye kichwa cha mtoto wa miaka kumi na miwili, kichwa chenye vidonda vya kucha, na nikakifunga juu. Munaona sasa kosa liko wapi.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Wiki ile ile, wasichana wa chumba kingine walipata maua ya pareto kutoka kwa ndugu yao mkulima. Ni yale maua meupe yenye moyo wa njano, yenye kulimwa katika milima yetu ya Kivu, na ng'ambo kule Rwanda chini ya volkano, na Kenya, na Tanzania. Pareto si hadithi ya kijiji. Katika mwaka 1924 wanakemia wawili, Staudinger na Ruzicka, walitangaza kazi yao juu ya vile dawa ya ndani yake ilivyoungwa, na wote wawili baadaye walipata tuzo ya Nobel. Dawa ile inashika mishipa ya fahamu ya mdudu. Anatetemeka, anapooza, anakufa. Katika mwili wa mtu inavunjika upesi, na kwa sababu hiyo viwanda vya nchi nyingi vinaitia katika shampoo ya chawa. Basi hapa iko shampoo ya mimea ya kweli, na ua lake linaota kwetu!

Wenzetu wale waliyachemsha maua katika maji, wakajiosha nayo siku tatu mfululizo. Matokeo? Hakuna. Chawa walioga pamoja nao. Sababu dawa ya pareto haiyeyuki katika maji. Inataka mafuta au alkoholi. Tena jua kali na moto vinaiharibu. Waliyamwaga maji yenye harufu, na dawa ilibaki katika makapi au ilipotea.

Fikirini sana jambo hili. Sufuria ni ile ile, moto ni ule ule, nia ni ile ile njema. Jani moja lilitaka kuua mtoto, ua la pili halikuua hata chawa. Mtu mwenye kutazama chungu tu hawezi kujua. Jani lina dawa, lakini halina kipimo. Kipimo kinatoka kwa mtu aliyejifunza.

Katika maua makavu ya pareto, dawa yenyewe ni kama sehemu moja au mbili tu katika mia. Katika shampoo ya kiwanda wanatia kama sehemu tatu katika elfu, pamoja na dawa ya pili ya kuisaidia, na wanaandika dakika za kungoja kabla ya kuosha. Hata hivyo haimalizi mayai yote. Ni lazima kurudia kisha siku tisa hivi. Katika nchi nyingi chawa wengine wamekwisha kuizoea, hawafi tena. Na mtu ambaye maua ya namna ile yanamletea mafua au kubanwa kifua, asiiguse. Ikiwa watu wa viwanda wenye mizani wanaandika maonyo marefu hivi, sisi wenye sufuria tungeandika nini?

Mutaniuliza: na utupa je? Hilo ni jani la kulevya samaki, na wengine wanasema linamaliza chawa. Ndiyo, linaua wadudu, na dawa yake inaitwa rotenoni. Lakini linaua samaki mtoni bila kuchagua mkubwa na mdogo. Katika mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba panya waliopewa rotenoni siku nyingi walipata ugonjwa wa kutetemeka, wenye kufanana na ule wa wazee unaoitwa Parkinson. Mimi siwezi kulitia juu ya kichwa cha mdogo wangu.

Na mwarobaini? Huo ni mti wa sehemu za joto, hapa kwetu baridi haiupendi. Kule Misri watafiti walijaribu shampoo ya mbegu zake kwa watoto 60 wenye chawa wengi, wakatangaza matokeo mazuri katika mwaka 2007. Habari njema. Lakini tazameni vizuri: ni mbegu, si majani, ni shampoo iliyopimwa, si supu. Na mafuta ya mwarobaini, watoto wadogo wakiyanywa, yamekwisha kuleta hatari kubwa.

Petroli ya taa sitaisema sana, sababu si jani. Lakini kwa kuwa kila mwaka mtu anaileta: inaunguza ngozi, na kichwa chenye petroli karibu na mshumaa ni moto uliokwisha kuandaliwa. Basi.

KOKO ALISEMA NINI

Ndugu mmoja wa mwaka wangu, mwenye akili nyingi, aliniambia: "Yaya, wewe unadharau wazee wetu. Dawa ya wazungu ikishinda unapiga makofi, dawa ya koko ikishindwa unaandika gazeti." Maneno yake yalinichoma, na sikupata la kujibu siku ile.

Wakati wa Pasaka nilienda kwa koko. Nikamweleza yote, hata kutapika kwa mtoto. Nilifikiri atasema nilikosea wingi wa majani. Yeye akashangaa kabisa: "Tumbako? Ku kichwa ya mutoto?" Kwanza akacheka. Halafu kicheko kikakauka. Akasema: "Ile ilikuwa ya mbuzi. Wewe ulionaka chungu, haukuonaka mbuzi."

Nilinyamaza. Miaka kumi na moja nilibeba dawa ya mbuzi katika kichwa changu nikiita hekima ya wazee.

Nikamwuliza: basi, sisi watoto ulitutibu na nini? Akanionyesha mikono yake. Alichukua mafuta kidogo, akaketi juani, akamweka mtoto katikati ya magoti, akagawanya nywele mstari kwa mstari, akatafuta kwa vidole na kucha, kisha kitana. Leo, na kesho kutwa, na tena kesho kutwa, mpaka mwezi unapunguka. "Chawa haina kuisha siku moja," alisema. "Njo maana Mungu alitupa magoti."

Sasa ninaweza kumjibu rafiki yangu. Aliyedharau wazee ni mimi, siku niliyochukua nusu ya maarifa yao. Nilichukua jani, nikaacha kipimo. Nilichukua chungu, nikaacha mbuzi. Wazee walijua jani gani ni la mnyama na gani ni la mtu, na walijua siku za kurudia. Sisi tuliotoka kijijini tukiwa wadogo tunakumbuka harufu na moshi tu. Kumheshimu mzee si kurudia tulichomwona akifanya. Ni kwenda kumwuliza wakati angali hai.

KALENDA YA CHAWA

Na tazameni, mikono ya koko inapatana na kitabu cha biolojia. Chawa jike anaishi juu ya kichwa kama mwezi mmoja, na anaweza kutaga mayai kama nane kwa siku. Yai linapasuka kisha siku saba mpaka kumi. Mtoto anayetoka anahitaji siku nyingine kama tisa au kumi ili awe mkubwa na aanze kutaga. Kwa hiyo dawa nyingi za siku moja, ziwe za kiwanda au za kijiji, zinaua wakubwa na kuacha mayai. Wiki ijayo vichwa vinawasha tena, na tunasema: dawa ni mbaya, au mtoto ni mchafu. Hapana. Hatukuhesabu siku.

Tena chawa haruki wala hapai. Anatembea tu, kutoka nywele kwa nywele, vichwa vikigusana. Akianguka chini bila kichwa cha kula, anakufa katika siku moja au mbili. Basi musichome mikeka, musitupe magodoro. Tazameni zaidi pale tunapolala wawili kitanda kimoja sababu ya baridi, na pale tunaposoma wanne juu ya kitabu kimoja. Kukosa vitabu kunaleta chawa kuliko kukosa sabuni! Chawa anapenda kichwa safi sawasawa na kichwa kichafu. Yeye anatafuta damu, hatafuti uchafu.

Wengine walileta Biblia katika jambo hili, wakasema chawa ni pigo, ona Kutoka mlango wa nane. Ndugu, pigo lile liliwapata watu wa Misri pamoja na wanyama wao, kwa ugumu wa moyo wa Farao mmoja. Mtoto wa mwaka wa saba hakumshika mtu utumwani. Tusimhukumu.

Wengine wanaogopa tifusi. Hapa tutofautishe. Tifusi si tifoide, hata kama majina yanakaribiana. Tifusi inaletwa na chawa wa nguo, wale wenye kukaa katika mishono ya nguo zisizofuliwa. Charles Nicolle aligundua jambo hilo huko Tunis katika mwaka 1909. Jirani zetu wa Burundi waliona tauni kubwa ya tifusi katika kambi na magereza kati ya 1995 na 1997, wakati vita ilikosesha watu maji, sabuni na nguo za kubadilisha. Kufua nguo ni lazima, basi, na nani anakataa? Lakini chawa wa kichwa hawaleti tifusi namna ile. Wanawasha, wanakosesha usingizi, vidonda vya kucha vinaweza kutoa usaha. Inatosha kuwapiga vita. Haitoshi kumkimbia mwenzako.

JUU YA KUNYOA

Sasa nafika kwa ombi la kwanza. Sitasema uongo: kunyoa kunafaa. Pasipo nywele yai halina mahali pa kushika. Msichana akitaka mwenyewe kunyoa, anyoe, na mtu asimcheke.

Lakini ombi linasema: wote wa mwaka wa saba na wa nane, kwa amri. Kwa nini hao tu? Sababu ni wadogo na hawawezi kukataa. Wiki iliyopita, katika chumba chetu cha wakubwa, tulifunga mlango na kutafutiana sote kumi na wawili. Tulikuta chawa kwa watano. Mmoja wao ni mimi. Ndiyo, nimeandika, na mashini imepiga, na sasa munasoma: kapita alikuwa na chawa. Tukinyoa wadogo na kuacha wakubwa, kisha wiki tatu nywele fupi zitakuwa zimeanza kuota, na sisi ndio tutawarudishia.

Kuna jambo kubwa zaidi. Yule mtoto alikuja kwangu usiku, kisha taa kuzimwa. Kwa nini usiku? Kwa woga. Alikuwa amekaa na chawa zaidi ya wiki mbili akijifunika kitambaa, akilala karibu na wenzake, akinyamaza. Mukiweka mkasi mbele ya mlango wa bweni, watoto watanyamaza zaidi. Kila mtoto mwenye kuficha kichwa chake anawapa chawa wiki mbili za bure. Aibu haijaua chawa hata mmoja, inawalinda.

NINAOMBA NINI

Kwa Bwana Prefe, kwa Mama mwenye kuangalia internati, na kwa wakapita wenzangu, ninaomba mambo manne tu.

Kwanza, kila Jumatano na kila Jumamosi kisha kazi za mikono, tukae juani tutafutiane, wawili wawili, majuma matatu bila kuacha. Kusuka kungoje, nywele zifunguliwe. Tulowanishe nywele, tutie sabuni au mafuta kidogo ya jikoni. Mafuta si ya kuua kwa hakika. Ni ya kufanya chawa asikimbie na kitana kipite. Nywele zetu ni za kujikunja, kitana cha meno madogo kinakwama; basi tugawanye sehemu ndogo ndogo, tuanze na vidole, kila mara tupanguse kitana juu ya kitambaa cheupe ili tuone tulichokamata. Wakubwa watakaa kwanza, wadogo watawatafuta. Ndivyo wataona kwamba si adhabu.

Pili, kasha ya wanafunzi inunue vitana sita vya meno yenye kubanana. Ni bei ndogo kuliko chupa chache za shampoo, na kitana hakiishi. Kisha kutumika kiwekwe katika maji ya moto sana kwa dakika kumi.

Tatu, mtu asichemshe jani lolote kwa kichwa cha mwenzake pasipo Mama muganga kujua. Sisemi majani yatupwe. Nasema yapite kwanza kwa mwenye kujua. Ikiwa shule inaweza kununua shampoo ya pareto, iwekwe dispensere kwa wale wenye chawa wengi sana, ipakwe kwa kufuata karatasi yake, siku ya kwanza na siku ya tisa, macho yafunikwe, na kitana kiendelee tu.

Nne, jina la mtu lisitajwe mbele ya safu, wala asubuhi wala jioni.

Wenzangu wa darasa la mwisho, Egzetati inakaribia, na tutaulizwa mambo mengi ya kemia. Mimi swali langu la kemia nilikwisha kulipata mwezi wa pili, nyuma ya jiko, na nilianguka. Aliyelipa si mimi, ni mtoto wa watu. Neno hili sitaki litokee tena kwa kapita atakayeshika kazi yangu mwaka ujao, maana yeye pia atakuwa na koko, na atakuwa na nia njema.

Yule mdogo wangu alikubali kuja kwangu mara ya pili. Ilichukua muda, siku nyingi alinipita mbali. Kisha Pasaka nilimwomba msamaha, nikakaa chini, nikamwambia atafute kichwa changu kwanza. Alikamata watatu. Alicheka, na mimi nikacheka. Halafu akageuka mwenyewe, akaketi katikati ya magoti yangu. Jumamosi iliyopita tulimaliza juma la tatu: siku tatu za kutafuta mfululizo, kitambaa cheupe kilibaki cheupe.

Wakapita, mukumbuke kitambaa kile mukiinua mkono.

Kapita wa bweni la wasichana,
darasa la mwisho, biolojia na kemia